Miaka Thelathini na Nne Masikioni Mwetu: Shangazi Piak Anatua Maiki

Tarehe 30 Septemba, saa kumi na moja jioni, Bi Rampha Thongsuk atazima taa ya kibanda chake hapa Studio ya Dao Nuea, barabara ya Lat Phrao, baada ya kufanya kazi miaka thelathini na nne na miezi mitatu. Hesabu ni ya ofisi ya utumishi, mimi sijaongeza wala kupunguza. Ukimtaja Bi Rampha hapa studio, hata mlinzi wa geti atakuuliza ni nani huyo. Sema Shangazi Piak, basi kila mtu anageuza kichwa, na waigizaji wanashika sikio.

Wanashika sikio kwa sababu humo ndimo alimoishi. Kwa wageni mtakaokuwa nasi siku hiyo: tamthilia zetu zinapigwa mbio, kurasa ishirini kwa siku, na hakuna binadamu anayeweza kukariri kurasa ishirini za ugomvi wa mirathi huku amevaa wigi kwenye joto la Aprili. Kwa hiyo kila mwigizaji anavaa kidude sikioni, kidogo kama kokwa ya ukwaju, na nyuma ya kamera tatu kuna kibanda chenye mtu mmoja, skripti moja na maiki moja. Yeye anasoma mstari, mwigizaji anausema. Anasoma unaofuata, mwenzake anajibu. Mume, mke, hawara, mama mkwe, mzimu wa kisimani, wote ni yeye. Huyo ndiye mnong'onezaji. Sauti inakwenda upande mmoja tu. Yeye anasikika kwao, wao hawana njia ya kumjibu.

Aliingia hapa na miaka ishirini na sita, kazi yake kupiga chapa skripti. Siku moja mnong'onezaji wa zamani akakaukiwa na sauti kwa mafua, dairekta akatazama huku na huku, akamwona binti wa mashine ya chapa. "Wewe! Unajua kusoma?" Anajua. Akasukumiwa kibandani. Akasoma kila kitu kilichoandikwa, neno kwa neno, pamoja na maelekezo ya kwenye mabano. Basi kijana mtanashati kuliko wote wa miaka ile akamshika mpenzi wake mikono miwili, akamtazama machoni, akasema kwa huba yote aliyojaliwa: "Anageuka. Analia."

Studio nzima ilikaa chini kwa kicheko. Dairekta alimwambia, "Binti, utatuua." Yeye hakucheka, alikwenda nyumbani akafikiria. Kesho yake akaja na dawa. Kabla ya kila mstari wa kusemwa, alivuta pumzi ndogo, fupi, kama mtu anayetaka kuzima mshumaa. Ukisikia pumzi, maneno yanayofuata ni ya kusema. Usiposikia pumzi, ni ya kutenda: mkono wa kushoto, simama, usilie bado. Wiki mbili zikapita, kila mwigizaji akawa ameizoea bila kuambiwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Niliitafuta sana, baadaye mtajua kwa nini.

Kazi yenyewe ni ya upweke, tusidanganyane. Kibanda kina mlango mzito, taa ya mezani na skrini ya kutazamia waigizaji. Wenzake wakila saladi ya papai yenye pilipili kumi, yeye anakula wali mweupe na yai, peke yake, kwa sababu pilipili inakwaruza koo na ana kurasa kumi za mchana zinamngoja. Watu wanaopendana mbele ya kamera wamepita kwenye mdomo wake kwanza. Niliwahi kuiuliza mashine inayotunza rekodi zetu, Shangazi amesema "nakupenda" mara ngapi tangu tuanze kuhifadhi sauti miaka kumi na tatu iliyopita? Mara elfu sita, mia mbili na kumi na nane. Jina lake linapita mwishoni mwa kila sehemu ya tamthilia, kati ya dereva wa pili na kampuni ya kukodisha majenereta, kwa muda usiofika sekunde moja. Nimepima.

Kuna waigizaji waliofanya naye kazi miaka na hawaijui sura yake. Hadithi ya sokoni wengi mnaijua, lakini lazima niirudie. Shangazi alikuwa anachagua papai, pembeni yake kasimama mwanadada mmoja nyota wetu, miwani ya jua usoni, kofia mpaka kwenye nyusi, hataki kutambuliwa. Shangazi akavuta pumzi, akamuuliza muuzaji, "Hili ni la leo?" Mwanadada pale pale, kwa sauti ya jukwaani: "Hili ni la leo?" Muuzaji akawatazama wote wawili. "Nyie mabibi mnanifanyia mchezo?" Mwanadada alimgeukia Shangazi, akavua miwani, akaanza kulia katikati ya mapapai. Miaka tisa alikuwa na sauti ile sikioni, ndiyo mara ya kwanza kuiona ina uso.

Na kuna hili nalo. Miaka saba iliyopita mama yake Shangazi alifariki. Siku ya tatu baada ya mwili kuchomwa, yeye alikuwa kibandani, kwa sababu ratiba ilikuwa na onyesho la binti anayemuaga mama yake, na hakuna mtu aliyefikiria kuuliza kama kuna mwingine wa kulisoma. Alisoma mistari yote. Mwigizaji alishinda tuzo kwa onyesho lile. Jukwaani alishukuru watu kumi na wanne kwa majina. Simlaumu, pale juu mtu anasahau hata jina la mumewe. Nasema tu kwamba watu kumi na wanne ni wengi.

Mwaka juzi akili mnemba ikaingia studio, na mimi ninayeandika haya, fundi wa mitambo, nilishangilia kuliko wote. Ikawa inasoma skripti na kutoa orodha ya mavazi, magari, vyombo, damu ya bandia lita ngapi. Ikapanga ratiba. Ikakata picha za awali kabla wahariri hawajamaliza kahawa yao ya barafu. Ikatafsiri maandishi ya chini kwa watazamaji wa nje. Siku ya ibada ya kuanza tamthilia yetu ya sasa, Ukuta wa Marashi, pale mezani penye kichwa cha nguruwe, nazi na ubani, kompyuta nayo ilivishwa shada la maua ya njano. Dairekta wetu, Kaka Ton, aliiinamia akasema, "Mheshimiwa, tafadhali usigande mchana." Watu walicheka, lakini niliwaona watatu wanaiinamia kweli.

Aliyeisahihisha kwa mara ya kwanza ni Shangazi. Ratiba ya kwanza ya mashine ilikuwa tamu ajabu: maonyesho yote ya sebuleni asubuhi moja, taa hazihamishwi, muda unaokolewa. Tukapiga makofi. Shangazi akaisoma, akavaa miwani, akaisoma tena, akaja nayo chumba cha mitambo. "Mwanangu, huyu binti anapigwa vibao saba kabla ya chakula cha mchana." Nikamwambia, ndiyo Shangazi, ni kwa sababu vyote viko chumba kimoja. "Chumba ni kimoja, nimeona," akasema. "Na shavu?"

Toka siku ile kila ratiba inapita kwake kwanza.

Sasa nifike mahali ambapo sina budi kufika. Kustaafu kwake kulikuwa kunakaribia, na hakuna mtu mwingine anayejua kunong'oneza. Uongozi ukaamua: sauti ya Shangazi ifundishwe kwa mashine, ili akiondoka, sauti ibaki kibandani. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa na saa elfu nane na ushee za sauti yake. Nilizisafisha vizuri sana, jamani, niliringa wiki nzima. Niliondoa kelele za feni. Niliondoa kila neno lisilokuwemo kwenye skripti. Na niliondoa pumzi zote, moja moja, kwa sababu kwangu pumzi ilikuwa uchafu. Kwenye lile onyesho la binti na mama yake kuna kimya cha sekunde kumi na moja kabla ya mstari "Mama, nenda salama." Nacho nilikikata.

Julai Shangazi akaambiwa akachukue likizo zake zilizolala. Tukajaribu mashine siku ya Jumanne, na Mjomba Thawin.

Mjomba Thawin ana miaka sabini na sita, ameigiza na Shangazi miaka ishirini na tisa. Ndiye babu mwenye nyumba kwenye Ukuta wa Marashi. Nyie mnamjua kwa kile kifungo: onyesho linaanza, Mjomba anapeleka mkono taratibu, anagusa kifungo cha juu cha shati, ndipo anaongea. Wachekeshaji wa runinga wanamuiga. Mwandishi mmoja wa gazeti alijaza safu nzima akieleza kwamba kifungo kile ni mtu anayefunga moyo wake. Siku hizi kumbukumbu ya Mjomba imeanza kuvuja. Jina la mjukuu wake linampotea. Lakini mstari ukija sikioni, hakuna anayeusema kama yeye.

Siku ile kamera zikawaka. Mjomba hakugusa kifungo. Alikuwa kasimama sebuleni, mbele yake kijana anayeigiza mpwa mlafi. Mashine ikasema sikioni mwake, kwa sauti ya Shangazi, safi kama glasi: Ondoka kwenye nyumba hii.

Mjomba akainamisha kichwa kwa adabu, akageuka, akaondoka.

Mashine ikaendelea: Usirudi tena. Mjomba akapita kamera ya pili, akapita gari la chakula, akavuka geti. Tulimkuta ameketi kwenye kivuli cha basi la mavazi, viatu mkononi. "Mjomba, mbona umetoka?" Akatushangaa. "Piak kaniambia niondoke. Hajanipa ya kusema." Kisha akauliza taratibu, "Nimemkosea nini? Hata hakuniuliza leo."

Hakuna aliyeelewa neno lolote. Tulirudia mara nne. Mara zote nne babu wa watu akafanya alichotakiwa kusema. Alipoambiwa "Nitakuua kabla hujagusa shamba langu," akaangalia pembeni akatafuta kitu cha kumpigia. Vijana walikuwa wanacheka mwanzoni. Mara ya nne hakuna aliyecheka.

Mashine ya ratiba nayo ikafanya hesabu zake, ikatoa pendekezo: babu aanguke ngazini sehemu ya tisa, afe, tamthilia iendelee bila yeye. Kaka Ton aliisoma mbele yetu, akakunja karatasi. "Mpaka mwisho wa mwezi. Sauti isipotengemaa, Mjomba anaanguka. Sina namna." Halafu akasema, "Mpigieni Shangazi."

Hapo ndipo tulipoaibika. Watu themanini na wawili studio nzima, hakuna mwenye namba yake. Ikabidi tufunguliwe faili la utumishi. Kwenye sehemu ya mtu wa kupewa taarifa ukipatwa na jambo, Shangazi aliandika namba ya simu. Fundi sauti akaipiga. Simu ikaita getini kwetu, mlinzi akapokea.

Wakati wanatafuta anuani, mimi nilirudi kwenye uchafu wangu. Kila nilichokifuta mashine ilikuwa imekiweka kwenye faili moja, jina lake Makosa. Nikaanza kusikiliza. Mule mlikuwa na pumzi zote, ndipo nikaelewa ile sheria isiyoandikwa popote. Mlikuwa na maneno pia. Kila alichowahi kusema Shangazi kwa hiari yake kwa miaka kumi na tatu, toa mistari ya watu, ni dakika arobaini na mbili. Mkono wa kushoto. Taratibu. Kunywa maji. Kola imekunjika. Usiogope, huyu dairekta anabweka tu. Na swali moja, mara elfu moja mia tisa na nne, kila siku baada ya chakula cha mchana, kamera zikishawaka, kabla ya mstari wa kwanza: Umekula?

Hapa kwetu hilo si swali la njaa, kila mtu anajua. Ni salamu, ni upo, ni nimekuona.

Jumapili mchana nikaenda kwake Nonthaburi, ghorofa ya nne, na fomu ya ridhaa mkononi. Maana kisheria bila saini yake sauti haiwezi kubaki. Nilijua nimekuja kuomba nini: akitia saini ile, Mjomba haanguki ngazini. Ndani kulikuwa na viti viwili, kimoja kimejaa skripti za zamani mpaka juu. Glasi moja. Alinipa mimi hiyo glasi, yeye akanywea bakuli.

Nikamwonyesha nilichotengeneza. Nilikuwa nimerudisha pumzi zote, na yale maneno yake mwenyewe, mashine inayasema kama yeye hasa. Nilidhani nampelekea zawadi. Akasema, "Niwekee na mimi nisikie. Miaka yote hii mimi sijawahi kuvaa hicho kidude." Nikamvalisha sikioni. Nikabonyeza.

Uso wake ukatulia. Mashine ikamuuliza, umekula?

"Bado," akasema.

Akangoja. Alikuwa anatazama mbele, kama kwenye ile skrini ya kibandani. Mashine ikaendelea na la pili, mkono wa kushoto. Akavua kidude, akakiweka mezani juu ya kitambaa.

"Inauliza kisha inakwenda zake," akasema.

Nikamwambia tunaweza kuongeza kimya hapo katikati, sekunde ngapi anataka? Akacheka kidogo. "We mtoto. Kwani unadhani mimi nilikuwa nauliza ili niwe nimeuliza? Kaka Thawin hawezi kunijibu kule alipo, si ndiyo? Basi tulikubaliana zamani sana. Akiwa amekula, anagusa kifungo cha juu. Mimi namwona kwenye skrini, nafungua ukurasa. Asipogusa, namwambia mtu wa chakula ampelekee hata ndizi." Akakunja ile fomu mara mbili, vizuri, akanirudishia. "Wengine hawakuwahi kunijibu, ni yeye tu. Sauti yangu ikibaki pale inamuuliza na hakuna anayetazama, mzee wa watu atagusa kifungo mpaka kidole kiote sugu. Anamjibu nani? Hapana. Nakwenda nayo."

Nikasema, "Shangazi, basi Mjomba ataanguka ngazini." Nilisema kwa hasira, nakiri.

Akanisogezea ile glasi. "Kunywa maji yako."

Nilirudi na fomu isiyo na saini, nikaiweka juu ya meza ya Kaka Ton.

Jumatatu yake, saa mbili asubuhi, huku akiwa bado kwenye likizo, Shangazi alishuka kwenye teksi getini na kiti chake cha plastiki. Akatuita chumba cha mitambo. Alisema mashine isome mistari, sawa, kusoma kunachosha hata mapafu, na ipewe sauti yoyote ile, hata ya mtangazaji wa hali ya hewa. Lakini isiseme mstari mpaka isikie pumzi. Na pumzi itoke kwa mtu, mtu mwenye macho, aliyekaa kibandani anatazama. Kuirekebisha mashine kulichukua siku mbili. Kuturekebisha sisi kulichukua wiki tatu.

Alichagua watu sita, mimi mmojawapo. Alitukalisha kibandani mmoja mmoja tuvute pumzi. "Hiyo ni ya mtu aliyekanyaga msumari." "Hiyo unakoroma." "Wewe unavuta kama unataka kuzamia kwenye mfereji, mwigizaji atapaliwa." Kaka Ton naye alijaribu, akaambiwa yeye aendelee kubweka. Sijawahi kumsikia Shangazi akiongea hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, siku nzima. Nilipiga hesabu kichwani, dakika zile arobaini na mbili alizimaliza kabla ya chai ya kwanza.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi tukampanga Mjomba tena, sebule ile ile, mpwa yule yule. Kibandani alikaa fundi sauti wetu. Shangazi alikaa nje, kwenye kiti chake cha plastiki nyuma ya kamera ya tatu, mikono mapajani, bila maiki, bila skripti. Kamera zilipowaka, fundi akamuuliza sikioni kwa sauti yake ya mikwaruzo, "Mjomba, umekula?"

Mjomba alishtuka. Akageuka, akatafuta. Akamwona Shangazi pale kwenye kiti, ambaye hana sehemu ya kusema. Mkono ukapanda taratibu, ukagusa kifungo cha juu, ukakaa hapo. Ukakaa sana. Kisha pumzi ikaja sikioni, si ya Shangazi, na Mjomba akamgeukia mpwa akasema, "Ondoka kwenye nyumba hii," kwa namna ambayo yule kijana alirudi nyuma hatua mbili ambazo hazikuwa kwenye skripti. Kurasa tatu, bila kurudia. Mashine ya kukata picha ilipendekeza ule mkono ufupishwe. Mhariri aliuacha wote, mtauona kwenye sehemu ya saba. Ngazi za sehemu ya tisa zimefutwa.

Mimi sikuwa namwangalia Mjomba. Nilimwangalia Shangazi. Kurasa zote tatu midomo yake ilikuwa inacheza, kila mstari, wa babu na wa mpwa, bila sauti. Walipopiga makofi alikunja kiti chake akaenda kutafuta maji.

Ile sauti niliyotengeneza nimeifuta mbele yake. Faili la Makosa sijalifuta. Nililipa jina jingine, nikampa nakala, akaitia kwenye mkoba. Mjomba Thawin sasa ana namba yake ya simu, ya kweli, ya nyumbani. Alimwomba mbele ya watu wote, ameiandika ndani ya kofia ili isimpotee. Na kwenye faili la utumishi ile namba ya geti imekatwa kwa kalamu, zimeandikwa nyingine sita, za wale aliowafundisha kuvuta pumzi. Anasema pumzi zetu bado zinanuka vitunguu.

Studio ya Dao Nuea inamshukuru Shangazi Piak kwa tamthilia mia moja na tisa, kwa mashavu aliyoyaokoa, kwa kila mtu aliyelia vizuri mbele ya kamera kwa sababu yeye alimwambia "usilie bado." Tunamwombea miguu myepesi, mapapai ya leo, pilipili nyingi kadiri koo litakavyotaka, na simu inayoita mchana. Nenda salama, Shangazi, ukae vizuri, uchelewe kuamka.

Haya yatasomwa ukumbini kwa sauti, na yeye atakuwa ameketi meza ya mbele, amevaa blauzi yake ya zambarau ya hariri, yenye vifungo mpaka shingoni. Atakayesoma naomba asimame hapa, avute pumzi, ndogo, kama ya kuzima mshumaa.

Shangazi, umekula?

Usijibu kwa mdomo. Tupo themanini na wawili, wote tunatazama kifungo chako. Hatuendi popote.